Baker Street kwa kipimo cha moja kwa hamsini: shajara kutoka Langoni

Wiki ya kwanza, Jumamosi

Leo nimekata ubao wa chini. Plaiwudi nene, urefu sentimita 90, upana 60. Kazi yangu ya siku zote ni kuchonga mifano ya majahazi, na majirani zangu hapa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, wamezoea kuona mkuku, ule mti mkuu wa chini wa chombo, ukilazwa mezani kabla ya kitu kingine chochote. Wamepita mlangoni, wamechungulia, wameuliza mkuku uko wapi. Nimewajibu kwamba safari hii najenga kituo cha treni, tena cha chini ya ardhi. Mzee mmoja amekaa barazani mpaka adhana ya adhuhuri akitaka kuelezwa watu wanapumuaje huko chini. Sikuwa na jibu la kumtosha. Nimeliandika swali lake ukutani kwa penseli, juu ya meza.

Kituo chenyewe ni Baker Street, London. Njia yake ndiyo reli ya kwanza ya chini ya ardhi duniani: ilifunguliwa kwa abiria tarehe 10 Januari 1863, kutoka Paddington hadi Farringdon, na majukwaa ya siku ile yangali yanatumika. Hiyo ni sababu ya vitabuni. Sababu yangu ni marehemu ami. Alikuwa baharia, akaweka makazi London, na kila Ijumaa alishuka Baker Street kwenda msikitini. Barua zake zilikuwa na habari za kituo kile kuliko habari za afya yake. "Watoka tini ya nti kama mtu wa kisimani," aliandika katika moja, yaani watoka chini ya ardhi, kwa Kiamu chake, lahaja ya Lamu, ambacho London haikukigusa.

Na yuko mwalimu wa shule ya hapa mjini aliyeniomba kitu cha kuwafundishia watoto. Wengi wao hawajaona treni hata ya juu ya ardhi. Lamu haina reli. Ukitaka kuiona uvuke maji, upande basi, ufike Mombasa.

Wiki ya kwanza, Jumatatu

Nimeamua zama. Nitajenga kituo kama kilivyokuwa 1863, kipande cha mita 45 tu, kikiwa kimekatwa ubavuni ili mtoto aone ndani. Kituo cha leo kina majukwaa 10, mengi kuliko kituo kingine chochote cha reli ile ya chini ya ardhi, na mistari mitano inapita hapo. Kukijenga chote ni kazi ya miaka. Ninataka pale mwanzo penyewe: njia mbili za kwenda na kurudi, jukwaa huku na jukwaa huku, na tao moja kubwa la matofali juu yake.

Wiki ya pili

Shida ya kwanza ilikuwa vipimo. Nina picha nyingi, za zamani na za sasa, lakini picha haina rula. Nimekaa nayo siku mbili mpaka nikaona kwamba rula imo ndani ya picha: ni reli. Upana kati ya reli mbili ni milimita 1435, na haubadiliki. Ni upana ule ule wa treni ya Mombasa na Nairobi iliyoanza kubeba abiria 2017. Ile reli ya kale ya Kenya ilikuwa nyembamba, milimita 1000. Kwa kipimo cha moja kwa hamsini, 1435 ni milimita 28.7. Basi nikachukua picha iliyopigwa kutoka katikati ya njia, nikaupima upana wa reli kwa bikari, kisha nikahesabu ni mara ngapi unaingia katika upana wa tao pale pale. Imenitoka kama sentimita 27 kwa mfano wangu. Mahandaki kati ya kituo na kituo ni membamba zaidi, kama mita 8.7, yaani sentimita 17 na nusu mezani.

Mpwa wangu, aliye kidato cha tatu, amekata mataruma 60 kwa siku moja. Alipoyapanga aliniuliza kwa nini mbao za reli zinaitwa jina moja na mbavu za jahazi. Nimemwambia ayatazame tena: vipande vilivyolala sambamba, vikishikilia kitu kirefu kisipanuke. Fundi wa chombo aliyeiona reli mara ya kwanza hakuhitaji kutafuta neno.

Wiki ya tatu

Nimeng'oa reli zote. Zilikuwa zimeshika vizuri, gundi imekauka, na nimezing'oa mwenyewe kwa patasi.

Kosa ni langu: nilipanga reli mbili kwa kila njia. Mwaka 1863 zilikuwa tatu. Kampuni iliyoendesha treni za mwanzo, Great Western, ilikuwa na magari mapana, ya reli za milimita 2140, na kampuni nyingine zilikuwa na ya 1435. Ili zote zipite, njia ililazwa reli moja ya pamoja upande mmoja, na mbili upande wa pili, moja ndani na moja nje. Reli ile ya nje iliondolewa 1869. Mtoto atakayeuliza "mbona tatu?" atakuwa ameuliza swali la maana kuliko yote, kwa hiyo lazima ziwe tatu. Kwa mfano wangu ya nje imeangukia milimita 42.8 kutoka ile ya pamoja. Mataruma yamekuwa mafupi, tumekata mapya.

Wiki ya nne

Tao.

Ningeweza kulichonga kwa ubao na kulipaka rangi ya matofali. Sikutaka. Nataka tao linalosimama lenyewe, kwa sababu watoto wa hapa wamelala maisha yao yote chini ya boriti. Nyumba zetu za mawe zina vyumba virefu vyembamba, na upana wa chumba ni urefu wa mti wa mkoko ulioweza kubeba dari, mita mbili na nusu au tatu, basi. Boriti ndiyo iliyoipima nyumba. Pale Baker Street hapana boriti, na uwazi ni zaidi ya mara nne ya chumba cha kwetu, juu yake barabara yenye farasi na magari. Nataka waone jambo hilo kwa macho yao.

Mzee mmoja mwashi, ambaye mikono yake imekarabati nyumba nyingi za mtaa wa Mkomani, amenipa vipande vya matumbawe laini kutoka kifusi cha ukuta ulioanguka. Nimevikata kwa msumeno wa chuma kuwa kabari ndogo, mgongo mpana na tumbo jembamba, na nikazipanga juu ya kiunzi cha mbao. Nimeanza na pete moja, unene wa kidole gumba. Chokaa kidogo kati ya jiwe na jiwe. Nimeacha siku nne zikauke.

Jana nimetoa kiunzi. Tao limesimama kwa muda wa mtu kusema bismillahi, kisha miguu yake imeteleza nje, huku na huku, na katikati imeshuka yote pamoja. Mpwa alikuwa ameshika simu akipiga picha. Hatukusemezana mpaka jioni.

Siku ya pili yake

Mwashi amekuja. Hakutazama mawe yaliyovunjika, ametazama kuta. "Mwanangu, tao lako ni zima," ameniambia. "Umelinyima mtu wa kulishika mbavu."

Ndivyo ilivyokuwa. Tao halisukumi chini tu, linasukuma pembeni. London walichimba kwenye barabara mfereji, wa upana wa mita 10.2 kati ya kituo na kituo, wakajenga kuta za matofali pande mbili, wakaweka tao juu, kisha wakafukia na kuirudisha barabara mahali pake. Udongo wa pembeni ulibaki umezikumbatia kuta zile. Mimi nimejenga kuta mbili nyembamba mezani, nyuma yake hewa. Nilikuwa nimeuona udongo kama mzigo unaokandamiza kituo. Kumbe ndio unaokishika.

Tumetengeneza visanduku viwili virefu vya mbao pembeni na kuvijaza mchanga wa Shela. Upande uliokatwa nimeweka kioo kinene ili mchanga usimwagike na mtoto auone. Pete mpya imekaa juu ya kiunzi wiki nzima. Leo asubuhi nimekitoa kiunzi, nimeweka juu yake kopo la rangi lililojaa, kilo nne. Limekaa. Mwashi amepiga tao kwa kucha, akasikiliza, akaomba chai. Sasa ni kuendeleza pete kwa pete.

Wiki ya saba

Kwa siku kumi sikuandika. Pete zote zimekamilika isipokuwa pale penye madirisha ya mwanga, nami nilikuwa sielewi madirisha yale.

Ukitazama picha za majukwaa ya zamani ya Baker Street, utaona ukutani, juu ya vichwa vya abiria, mashimo makubwa yamepangana kwa mstari, yakipanda kwa mshazari kwenda juu na nje. Leo ndani yake mna taa za umeme. Majukwaa hayo yalifanyiwa ukarabati miaka ya 1980 ili yafanane na ya mwanzo. Lakini taa zile zimeshika nafasi ya jua. Mwaka 1863 mashimo yale yalifunikwa vioo kwa juu, yakawekwa vigae vyeupe ndani, na mwanga wa mchana ukateremka kwa kugonga vigae mpaka jukwaani. Usiku kulikuwa na taa za gesi.

Nikajiuliza: hayo mashimo yanatokea wapi huko juu? Barabara iko katikati, ina magurudumu. Jibu nimelipata kwenye mchoro wa zamani wa kituo kilichokatwa kama changu: yanatokea pembeni mwa barabara, kwenye viwanja vidogo vya mbele ya nyumba za Marylebone Road. Mtu alifungua mlango wake wa mbele, na hatua chache kutoka kizingitini palikuwa na kioo kinachopeleka mchana wake kwa watu wa chini.

Nimeweka mchoro chini nikatoka kwenda kusimama kiwandani kwetu, ule ua wa ndani usioezekwa. Nyumba yetu imejifunga kwa nje, kuta nene, madirisha hakuna upande wa kichochoro. Mwanga wote na hewa yote ya chini huingia kwa kiwanda. Asubuhi jua hugonga ukuta wa chokaa wa juu, ukuta ule unaupokeza wa pili, mpaka mwanga unafika katika zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za ndani kabisa ukiwa umepoa. Bibi yangu alikuwa akipaka chokaa kuta za kiwanda kila mwaka kabla ya Ramadhani, na nilidhani ni kwa ajili ya sikukuu.

Kwa hiyo ubao wangu ni mdogo. Nilipanga kujenga kituo peke yake, juu yake nyasi za rangi ya kijani. Siwezi. Kituo hiki bila mtaa wake ni kisima kilichofunikwa. Kesho nakata ubao mwingine.

Wiki ya nane

Ubao mpya una upana wa sentimita 110. Meza imeongezwa miguu.

Nimejifunza mengi ya mtaa kwa kulazimika kuujenga. Kwa nini reli imefuata barabara? Kwa sababu kuchimba chini ya barabara ya umma kulipunguza nyumba za kununua na kubomoa. Si kwamba hakuna aliyeumia: upande wa mashariki, kwenye bonde la mto Fleet, maskini wengi waliondolewa makwao. Mto ule ulikuwa umefunikwa na kufanywa mfereji wa maji machafu, na Juni 1862 ulipasuka ukafurika ndani ya mashimo ya ujenzi. Mtu wa Lamu hana haja ya kufafanuliwa hilo. Hapa ukichimba kisima kabla hujachoka maji yamekuja, na kila mvua ya masika inatukumbusha mifereji yetu inapita wapi.

Yuko mtu ninayemfikiria sana ninapopanga nyumba hizi. Charles Pearson, mwanasheria wa jiji, alipigania reli ya aina hii kwa miaka mingi ili wafanyakazi waweze kukaa mbali na moshi wa katikati ya jiji na bado wafike kazini. Alifariki Septemba 1862. Miezi minne baadaye treni ya kwanza ikapita.

Nyumba nimezichonga kwa mwembe, ghorofa nne nne, madirisha marefu. Mbele ya kila moja nimetoboa mahali pa kioo. Jumba la sanamu za nta la Madame Tussauds lilihamia barabara hii 1884, na jumba kubwa la makazi la Chiltern Court lililoketi juu ya kituo lilikamilika 1929, kwa hiyo yote mawili hayamo. Mpwa alitaka pia tuweke paipu ya maji ya inchi tatu chini ya ubao iwe handaki la duara la mstari wa Bakerloo uliofunguliwa 1906. Vipimo vinakaribiana kweli, lakini nimekataa. Nimemruhusu achore duara mbili kwa penseli ubavuni mwa sanduku la mchanga na kuandika mwaka.

Wiki ya tisa

Njia za mwanga. Nataka kuandika hili polepole.

Vigae vyeupe vya kipimo changu vingekuwa vidogo kuliko punje ya mchele. Nilijaribu maganda ya mayai: yana weupe, hayana mng'ao. Nikajaribu rangi ya mafuta: inang'aa, lakini baada ya siku mbili imeanza kugeuka manjano. Mwashi ndiye aliyenielekeza kwenye kazi ya kwetu. Chokaa iliyokaa majini muda mrefu, ikachujwa kwa kitambaa mpaka ikawa kama malai. Unapaka safu nyembamba, unangoja ianze kukauka lakini bado iwe na ubaridi ukiigusa kwa mgongo wa mkono, ndipo unachukua kijiwe laini cha pwani na kusugua. Mwanzo inachafuka na unadhani umeiharibu. Unaendelea. Ghafla inabadilika chini ya jiwe, inafunga, na unaona kivuli cha kidole chako ndani yake. Njia ni nane, kila moja nimeisugua saa nzima kwa kijiwe kilichofungwa kwenye kijiti, kwa kuwa kidole hakiingii.

Leo saa tatu asubuhi tumebeba mfano wote, watu wanne, tukauweka kiwandani. Tumefunika ncha zote mbili za handaki kwa kitambaa cheusi. Jua lilikuwa limefika nusu ya ukuta. Nimeinama, nimeweka jicho kwenye ncha ya jukwaa.

Vipande vinne vya mwanga vimelala juu ya jukwaa la upande wa kaskazini, vimepinda kidogo vinapofika ukingoni, na kimoja kimeshuka mpaka kwenye reli ya tatu. Upande wa pili ulikuwa na mwanga hafifu wa kijivu, bila umbo. Ndani ya tao vumbi la chokaa lilikuwa linaelea. Nimemwachia mpwa nafasi, kisha mwashi, kisha mama, ambaye amepiga magoti kwa taabu na kukaa pale muda mrefu. Aliponyanyuka amesema, "Ndipo alipokuwa akishuka shemeji yangu."

Wiki ya kumi

Lile swali la ukutani: watu walipumuaje?

Nimeazima chetezo, nikaweka kaa moja na ubani, nikakiingiza kwenye ncha ya handaki kuwa ndio gari la moshi. Nilitarajia moshi upande njia za mwanga utoke. Moshi umejaa ndani, umeshuka mpaka usawa wa jukwaa, umekaa. Vioo vilikuwa vimeziba. Nimeondoa vioo vinne, ukaanza kutoka taratibu.

Na huko kwenyewe ilikuwa hivyo. Walijua moshi utakuwa shida, na vichwa vya treni vilitengenezwa ili vikiwa handakini mvuke urudishwe kwenye matangi ya maji badala ya kutoka nje. Lakini moto ni moto, gesi ya makaa inabaki. Watu walilalamika kwa miaka, matundu zaidi yakatobolewa barabarani, na dawa kamili haikupatikana mpaka umeme ulipoingia mwaka 1905. Mzee wa barazani nimemwita aone ubani ukitoka kwenye viwanja vya mbele ya nyumba. Ameangalia, akauliza wenye nyumba walisema nini moshi ulipowatokea mlangoni. Hilo nalo nimeliandika ukutani.

Nimeacha vioo vinne vimefungwa na vinne wazi. Mwalimu ataonyesha vyote viwili.

Wiki ya kumi na moja, Alhamisi

Mfano unaondoka kwenda shuleni Jumapili. Limebaki jambo moja, la ami.

Msikiti aliokuwa akiswali ni ule mkubwa ulio pembeni ya Regent's Park, wenye kuba la dhahabu, uliokamilika 1977. Haumo katika zama za mfano wangu, wala haumo katika ubao. Kutoka kituoni ni karibu kilomita nzima kwenda kaskazini-magharibi. Kwa kipimo changu ni kama mita 18. Nimesimama mlangoni pa karakana na dira ya mashua, mpwa ameshika kamba. Tumevuka kichochoro, tumepisha punda wawili waliobeba mchanga, tumepita baraza la mzee, na kamba imeishia kwenye ukuta wa nyumba ya jirani yetu, mama mmoja muuza mahamri.

Nimebisha hodi nikamweleza. Amesikiliza mpaka mwisho, kisha ameuliza ni yule bwana aliyekuwa akimletea marehemu mumewe kofia. Nimemwambia ndiye. Amesema nipige msumari, lakini nisivunje lipu.

Nimechukua kifuu cha nazi, nusu yake, nimekisugua kwa msasa mpaka nyuzi zote zimetoka, nimekipaka rangi ya dhahabu mara tatu. Hakina kipimo. Kimeangikwa leo baada ya alasiri, urefu wa macho ya mtoto wa miaka minane. Jumamosi, kabla mfano haujabebwa, wanafunzi watakuja hapa karakanani kwanza. Kila mmoja ataweka jicho jukwaani, kisha atatoka mlangoni na kutembea.